Hiyo nusu saa ya Lamu hadi Malindi mmeipimia wapi?

Mhariri,

Miaka yote hii nasoma gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Lakini ile habari yenu ya viwanja vya ndege vya Pwani, mliposema Malindi na Lamu ni kilomita 140 na safari ni nusu saa, imenikera na siwezi kuinyamazia.

Kilomita hizo ni za angani. Uwanja mnaouita wa Lamu uko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo, na huendi kwa teksi wala bodaboda. Mtu wa Langoni, mtaa wetu hapa mjini Lamu, hushuka gatini, angoje boti ijae, avuke, apande gati la pili, ndipo akae kungoja ndege. Hiyo nusu saa yenu imekwisha zamani na injini haijanguruma.

Mwaka jana mjomba wangu alifariki Malindi kabla ya Alfajiri. Tukaambiwa atazikwa baada ya Alasiri. Nikamtuliza mama, tutawahi. Wakala wa tiketi akaniambia siku hiyo hakuna ndege ya moja kwa moja. Nikitaka, mama aende Nairobi kwanza ndipo ateremke Malindi, na kiti kimebaki kimoja. Nairobi! Kwenda kumuaga nduguye aliye hapo Malindi! Tukavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, basi la kwanza limeshaondoka, la pili likatoka saa tano. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 barabara hii ni ya vizuizi: unashuka, unatoa kitambulisho, unapita kwa miguu, unapanda tena. Mama ana miaka 76. Witu akashuka, Gamba akashuka, mkononi ameshika ubani aliofunga kwenye pindo la leso, haongei. Barabara yenyewe inazunguka bara hadi Garsen kuvuka Mto Tana, zaidi ya kilomita 200. Tulifika saa kumi na moja na nusu, watu wanatoka makaburini. Hakumwona nduguye uso. Ule ubani alimkabidhi wifi yake mlangoni.

Na hayo magati nayo! Maji yakipwa, ngazi za chini zimejaa mwani, utelezi mtupu. Asubuhi ile mama aliteleza akalowa hadi magotini, akasafiri hivyo hivyo mpaka Malindi. Kamba ya kushika hakuna. Mgeni hushikwa mkono, mzee wetu huambiwa aruke.

Mkichapa muda wa ndege, chapeni na wa mashua, upimwe kuanzia Mkunguni, hapa mjini Lamu, maji yakiwa yamepwa, na mpimaji afuatane na mzee mmoja na begi moja. Na kila ndege inayopita Malindi na Manda iachiwe viti viwili hadi saa moja kabla ya kuruka, vya wafiwa na wagonjwa, kwa nauli ya basi. Viwili tu. Kamba ya ngazini nitainunua mwenyewe, mradi nielekezwe ofisi ya kuniruhusu niifunge.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu