Star Wars Jumamosi: tegeni masikio

Wapendwa, Jumamosi tunaanza na filamu ile ya 1977, kisha ya 1980 na ya 1983. Ubishi wa kuanzia na ya 1999, eti kwa sababu kisa chake hutangulia, sitaki. Rimoti ninayo mimi.

Safari hii sikilizeni zaidi. Mvumo wa ule upanga wa mwanga, mbunifu wa sauti Ben Burtt aliupata kwa kuchanganya mlio wa mota ya projekta na mkwaruzo wa televisheni. Vile vyombo vya angani vya adui vinavyopita vikipiga mayowe? Ni tembo, akachanganywa na gari kwenye barabara yenye maji! Nadhani ndiyo maana Star Wars haizeeki: imejaa vumbi na mashine kuukuu, hata chombo cha shujaa Han Solo hugoma.

Wapo wageni wawili hawajaiona ya 1980, kwa hiyo siri ya yule adui mkuu, Darth Vader, kaeni nayo.