Kukandamiza kifua kufundishwe shule za udereva

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linaloniuma nikiwa muuguzi wa dharura hapa Dar es Salaam.

Mgonjwa analetwa kwa bajaji, ameanguka ghafla sokoni au kituoni, moyo umesimama. Ukiwauliza waliomleta walimfanyia nini, majibu ni yale yale: tulimpepea, tulimmwagia maji, tulimnusisha kitunguu. Hakuna aliyemkandamiza kifua. Siwalaumu, maana walikimbia, wakachanga nauli, wakafanya walichokijua. Lakini kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa wala moyo kushtuliwa kwa mashine, nafasi ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Foleni ya Barabara ya Morogoro sote tunaijua.

Kinachowapoteza wengi ni ile pumzi. Mtu ambaye moyo umesimama anaweza kukoroma au kuvuta hewa mojamoja kwa muda, mdomo ukifunguka kama wa samaki aliyetolewa majini, na watu wakasema, "Anapumua huyo, mwacheni." Hapumui huyo! Ukimwita haitiki, ukimtikisa mabega hashtuki, na pumzi si ya kawaida, mlaze chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono, bonyeza kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiachia kirudi juu kila mara. Mwenzako apige simu ya msaada. Kama hukufundishwa kupuliza mdomoni, endelea kubonyeza tu. Kazi hii inachosha sana, kwa hiyo pokezaneni kila baada ya dakika 2. Kwa mtoto, au mtu aliyezama majini, kupuliza pumzi kuna uzito zaidi, na ndiyo maana nataka watu wafundishwe, wasiishie kusoma barua yangu.

Denmark waliingiza somo hili shule za msingi mwaka 2005, na mwaka uliofuata wakalifanya sharti la kupata leseni ya udereva. Kati ya 2001 na 2010, walioanguka nje ya hospitali wakakandamizwa kifua na watu waliokuwa karibu waliongezeka kutoka asilimia 21 hadi karibu 45. Waliokuwa hai siku 30 baadaye walitoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Huduma za magari ya wagonjwa na hospitali nazo ziliboreshwa huko, lakini hospitali haiwezi kumsaidia mtu aliyekwisha kufa njiani.

Kwetu, wa kwanza kumfikia aliyeanguka ni bodaboda, dereva wa daladala na konda wake. Saa chache za mazoezi na mdoli, kabla ya mtihani wa leseni, zinatosha kuwapa mikono inayojua la kufanya.

Mashine za kushtua moyo nazo ziwekwe stendi ya Mbezi, feri ya Kigamboni na viwanjani, mahali pa wazi, zisifungiwe ofisini ambako mwenye funguo ametoka. Si za madaktari peke yao. Unaiwasha, inakuelekeza kwa sauti ubandike vibandiko viwili kifuani, inapima mapigo yenyewe, na moyo usiohitaji kushtuliwa haiushtui. Wanaonunua wahakikishe sauti hiyo ni ya Kiswahili.

Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Alishtuliwa mara 15, kifua kikikandamizwa hadi hospitalini, na akapona.

Wanaosimamia mafunzo ya udereva watuite sisi wauguzi tufundishe. Hata Jumapili nitakuja.

Muuguzi,
Dar es Salaam