Vijana hawapendi ndege? Ulizeni langoni

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka na mikaka, jipya nikipata, la kufungia nyama nikikosa, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Lakini ile taarifa ya Jumamosi, kwamba vilabu vya kutazama ndege hapa Nairobi vinakosa vijana na "wananchi wa kawaida", imenitoa kimyani. Eti sisi ndege tunayemjua ni kuku, tena akiwa sahanini. Na juu ya maneno hayo mkaweka picha ya marabu, yule korongo mwenye upara anayechakura taka Dandora, mkaandika chini yake kuwa ni tai. Halafu asiyejua ndege ni mimi!

Mimi ni askari wa zamu ya usiku Lavington. Nalipwa nikae macho wengine wakilala, na anayekesha huko hana budi kuwajua ndege. Shore huanza kuimba giza bado halijaondoka. Kisha kwarara hupita juu ya mapaa wakipiga kelele kama ndugu wanaogombea shamba, na hapo hata tajiri wangu huamka. Darubini ninayo, ya mtumba, niliipata Gikomba, kioo kimoja kimekwaruzika. Ninachokiona nakiandika kwenye daftari la namba za magari ya wageni, kurasa za nyuma.

Sasa sikieni. Klabu moja, ambayo sitaitaja maana inajijua, ilitangaza kwamba inapokea wanachama wapya na kwamba wote wanakaribishwa. Nikatoka zamu, sikulala, nikapanda 46 hadi mjini, nikaunganisha matatu nyingine, nikafika kwenye lango la msitu kabla ya wenye magari. Mama aliyeshika orodha aliangalia sweta yangu ya kampuni kwanza, uso baadaye. "Umemleta nani?" Nikamwambia nimejileta. Akatabasamu, akanyoosha kalamu: "Madereva wanasubiri kule chini ya mti." Nikamweleza, kwa adabu zangu zote, kwamba nimekuja kujiunga. Ndipo maswali yakaanza. Nina gari? Kwa sababu wakitoka hapo wanahamia bwawani. Nina mwanachama wa kunidhamini? Ada ya mwaka nitaweza kuilipa yote mara moja? Darubini yangu ni ya aina gani? Nilipomaliza kujibu, kundi lilikwishaingia msituni na yeye akalifuata, akaniambia nipige simu wiki ijayo. Nikaenda chini ya mti kwa madereva, ningefanya nini? Na pale pale akapita shorobo, mabawa mekundu wazi, akatua tawi la juu yetu akakaa hadi tukamchoka. Wenyewe walirudi wakilalamika kwamba shorobo siku hizi wameadimika. Hakuna aliyetuuliza.

Sisemi wote wako hivyo. Wale wa matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, aliyoyaanzisha Bi. Fleur Ng'weno mwaka 1971, siwatii katika kapu hili. Mwandishi wenu angeanzia huko kabla ya kutuhukumu. Mji huu una mbuga ya wanyama yenye aina zaidi ya 500 za ndege ndani ya mipaka yake. Yupo mtu wa Kayole asiyependa kuwaona? Mwambieni tu aingilie wapi, na kwa nauli gani.

Na mkiwa mmeshika kalamu, andikeni pia juu ya miti. Kila bangaloo linalobomolewa Kileleshwa na Kilimani huondoka na bustani yake, kisha gorofa linainuka lenye minazi ya plastiki kwenye veranda. Jirani yetu alikata mjakaranda mzima kwa sababu bundi alikuwa akilia humo, na bundi ati ni uchuro. Sasa panya wamejaa hadi kwenye boneti za magari, na ananiuliza mimi, askari, nitawafanyaje. Kamwiteni bundi, nikamjibu, ila kimoyomoyo, kazi ni kazi.

Kwa klabu ile nina pendekezo. Mara moja kwa mwezi viongozi wote waje kwa matatu, bila dereva wala lifti, wakusanyike stendi ya Kawangware saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muda ambao sisi wa usiku ndio tunatoka. Atakayechelewa alipe faini ya darubini moja. Darubini hizo zipelekwe kwa wale madereva chini ya mti. Orodha ya ndege waandike wao, mama mwenye kalamu awe anawapigia chapa tu.

Na ile picha, sahihisheni.

Askari wa usiku,
Kawangware, Nairobi