Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Waongoza Watalii

Ndugu wanachama,

Fedha atazisoma mhazini, nami sitamwingilia, ila waliobakiza ada wanajijua. Mimi nitakaa kwenye semina ya majivu ya volkano, maana ndiyo iliyoongeza ladha ya kazi yetu mwaka huu.

Kila anayesimama na wageni kwenye Bonde la Oldupai huulizwa: umri wa Zinj, lile fuvu la kale la jamii ya binadamu lililopatikana pale, ulijulikanaje? Jibu linalosikika sana, kwamba mfupa ulipimwa, si sahihi. Kinachopimwa ni jivu lililotanda juu na chini yake.

Ndani ya jivu hilo mna fuwele za madini yaitwayo feldspa, nyingine ndogo kama punje za chumvi. Zina potasiamu, na sehemu yake hugeuka polepole mno kuwa gesi ya argoni, hivyo argoni ikizidi kulinganisha na potasiamu, umri nao umezidi. Maabara huzipitisha kwanza kwenye kinu cha nyuklia, ili potasiamu kidogo igeuke argoni ya aina nyingine na vyote viwili vipimwe kwa mkupuo mmoja. Kisha hupangwa kwenye vishimo vya kisahani cha chuma. Mwali wa leza huyeyusha fuwele moja, gesi husafishwa na kupimwa, na kompyuta huhamia kishimo kinachofuata, usiku kucha, mtaalamu akiwa kitandani.

Kwangu utamu uko kwenye hiyo fuwele moja moja. Volkano ikilipuka hukokota na mawe ya kale. Zamani chembe nyingi ziliyeyushwa pamoja, kuukuu na changa, jibu likaja limechanganyika. Sasa fuwele kongwe hujifichua yenyewe, ikawekwa kando.

Hiyo ni sababu mojawapo ya takwimu kubadilika. Mary Leakey alimpata Zinj mwaka 1959. Louis, mumewe, akakisia miaka laki sita. Mwaka 1961 vipimo vikatoa milioni 1.75. Leo inatajwa takriban milioni 1.84, na nyayo za jamii ya binadamu wa kale kule Laetoli milioni 3.66. Mgeni akija na kitabu chenye namba ya zamani, msibishane naye. Mwelezeni ilipimwa lini na kwa njia gani.

Kamati tendaji inaomba idhini yenu ichapishe kadi ya mfukoni yenye takwimu hizi. Pendekezo la bango la mchoro wa leza tumeliacha, ni ghali na upepo wa kule mnaujua.

Semina ya Laetoli itafanyika kabla ya msimu wa wageni wa Juni. Majina yaandikishwe kwa katibu.

Mwenyekiti