Barua kwa Mama Nasra

Minneapolis, Jumapili usiku

Mpendwa Mama Nasra,

Assalaam aleikum. Hongera tena, Mungu amkuze. Picha ya mdogo wake Nasra nimeitazama mpaka simu ikaisha chaji. Macho ni ya bibi yenu wa Pangani, hayana ubishi.

Ijumaa ulipopiga kunieleza kuwa mtoto kazaliwa na mdomo na kaakaa lililopasuka, nilikuwa zamu, nikashindwa kukwambia la maana nawe unalia. Nimeona niandike, usome taratibu akiwa amelala.

Kwanza hili: hukula kitu kibaya wala hukufanya kosa. Mdomo wa mtoto huungana tumboni kati ya wiki ya nne na ya saba, kaakaa, yaani paa la kinywa, hufuata muda mfupi baadaye. Wengi wetu wakati huo hata hatujajua kama tuna mimba. Duniani kote, karibu mtoto mmoja katika kila 700 huzaliwa hivi. Anayekwambia ulimcheka mtu, au umepatwa na jicho, mwache na maneno yake. Na akishindwa kunyonya si kwamba maziwa hayataki. Kaakaa likiwa wazi hawezi kuvuta. Nimekutumia chupa mbili kama zile za Idi wangu, naye alizaliwa hivyo hivyo; unazibonyeza mwenyewe maziwa yakatoka.

Uliniuliza kama bima ya Baba Nasra italipa. Upasuaji wa mdomo na kaakaa, nina imani italipa. Wa Idi walilipa bila maneno: mdomo ulishonwa akiwa na miezi minne, kaakaa akikaribia mwaka, kabla hajaanza kuzungumza. Tukadhani tumevuka. Kumbe mtihani ulikuwa unatusubiri kwenye meno.

Mpasuko wa Idi ulipita hadi kwenye ufizi. Pale hapakuwa na mfupa, na jino lisilo na mfupa halina pa kusimama. Kwa hiyo mtoto akifika miaka minane au tisa hivi, kabla chonge halijashuka, madaktari huchukua mfupa kidogo kwenye nyonga wakaujaza kwenye lile pengo. Lakini taya la juu la watoto wetu mara nyingi huwa limebana, kwa sababu ya makovu ya upasuaji wa utotoni. Lazima kwanza daktari wa kupanga meno alitanue kwa kifaa, miezi kadhaa, ndipo mpasuaji apate nafasi.

Kampuni ya bima ikakubali kulipia mfupa. Kutanua taya ikakataa. Barua ilisema hiyo ni huduma ya meno, tena ya urembo. Niliisoma nimesimama jikoni, Idi yuko mezani anatafuna andazi kwa upande mmoja kama alivyozoea. Urembo ni hina, Mama Nasra. Urembo ni wanja. Mtoto kuweza kutafuna na kutamka jina lake likaeleweka darasani, huo si urembo. Niliumia, na mpaka leo nikilikumbuka neno lile naumia. Tukaenda kwenye bima ya meno. Ikasema mwisho wake ni dola 1,500 kwa maisha yake yote. Hazikufika hata nusu ya safari.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipopoteza miezi. Minnesota ina sheria inayozitaka bima za afya zilipie watoto wenye mdomo na kaakaa lililopasuka, na kupanga meno kumetajwa humo kwa jina. Niliishika sheria ile kama ngao. Nikapiga simu, nikaambiwa haituhusu. Kazini kwa Baba Idi, fedha za matibabu zinatoka kwa mwajiri mwenyewe. Kampuni ya bima inaendesha makaratasi tu. Mpango wa namna hiyo uko chini ya sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, ya mwaka 1974, na sheria za jimbo haziugusi. Kadi ilikuwa na nembo ya bima kama kadi nyingine zote, ningejuaje?

Kwa hiyo kesho Baba Nasra aulize ofisini kwao swali moja: madai yanalipwa na kampuni ya bima au na mwajiri? Jibu hilo aliombe kwa maandishi. Halafu mwombe kile kitabu kirefu cha masharti, si kile kikaratasi chenye picha za familia zinacheka.

Sisi tulikata rufaa. Una siku 180 tangu upate barua ya kukataliwa. Mpasuaji aliandika, daktari wa meno akaandika, na mwalimu wake wa matamshi naye akaandika, wote wakisema jambo moja: bila kutanua, ule mfupa mnaokubali kuulipia hauna pa kukaa. Rufaa ya kwanza ikakataliwa. Tukaomba ukaguzi wa nje, wa watu wasio wa kampuni ile. Wakiamua, kampuni inabanwa. Wakaamua upande wetu. Nililia palepale kwenye maegesho ya gari.

Lakini ni kwa hatua ile tu. Vyuma vya meno vya ujanani vitakuja na vita yake. Kuna mswada katika Bunge la Marekani ambao ungezilazimisha bima za namna zote mbili, inayolipwa na kampuni na inayolipwa na mwajiri, zilipie haya kwa mtoto aliyezaliwa na kasoro hii. Katika Seneti umebebwa na Tammy Baldwin wa Wisconsin na Joni Ernst wa Iowa, jirani zetu hawa wa pande mbili, na vyama vyao tofauti. Baraza la Wawakilishi liliupitisha Aprili 2022 kwa kura 310 dhidi ya 110, ukakwama Seneti. Nimemwandikia mbunge wetu mara tatu. Nitaandika ya nne, na ukipata nguvu uwaandikie wenu huko Ohio.

Nunua faili leo. Kila karatasi, kila jina la uliyeongea naye kwenye simu na tarehe, tia humo. Piga picha uso wake kabla ya upasuaji, hata kama moyo unakataa. Mimi zangu zilikuwa chache na nilizihitaji.

Nitapiga Alhamisi usiku, Nasra akishalala, tukisome kile kitabu pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Idi anauliza mtoto anaitwa nani. Simu ilikatika hujasema.

Wako,
Mama Idi