Hadithi ya upelelezi si lazima ianze na maiti

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba hadithi isiyo na mauaji haistahili kuitwa ya upelelezi.

Nilikuwa mkutubi wa shule ya sekondari mpaka nilipostaafu. Vitabu vilivyokuwa vikinirudia vimelegea majalada kwa kusomwa ni vya Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye kitabu chake cha kwanza kilichapishwa mwaka 1960. Maiti imo, sikatai. Lakini wanafunzi walikuwa wakibishania mezani kwangu maneno ya Bwana Msa na mwenzake Najum: nani kasema uongo, na Bwana Msa kamjuaje. Hakuna aliyeniuliza damu ilimwagika wapi.

Basi mimi nataka mpelelezi mwanamke, mkutubi wa mji kama huu wetu, na paka wake. Paka wa maktaba si jambo la kubuni. Huko Spencer, jimbo la Iowa, Marekani, mwezi Januari 1988 mkutubi Vicki Myron alimkuta mtoto wa paka akitetemeka kwa baridi ndani ya sanduku la kurudishia vitabu. Wakamwita Dewey, akaishi humo hadi alipokufa mwaka 2006. Na mwaka 2016 madiwani wa White Settlement, Texas, walipiga kura paka Browser aondolewe maktaba. Watu walilalamika mpaka kura ile ikatenguliwa.

Mkutubi anajua mengi kuliko polisi. Anajua nani aliazima nini na lini, nani hukunja kona za kurasa, nani huandika pembeni kwa penseli kisha akafuta. Tuseme rejesta ya zamani ya viwanja imetoweka kabatini, na wiki hiyo hiyo kinarudi kitabu cha sheria ya ardhi ambacho paka hataki kubanduka juu yake. Mkutubi anakinusa: dagaa. Aliyekiazima ni karani ambaye kila mtu anajua hali samaki. Kitabu kilikaa kwa nani, basi? Hapo msomaji atalala kweli?

Sharti langu moja: paka asiseme. Afanye ya paka tu, anuse, asikilize mchakacho ambao sisi hatuusikii, agome kuingia chumba fulani. Akili ya kuunganisha mambo abaki nayo mama huyo. Na asifanywe jini. Paka mweusi akikatiza njia bado wako wanaorudi nyumbani, ilhali sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote tunamwita Abu Huraira, baba wa kipaka. Wazee nao walisema paka wa nyumba haingwa.

Mhariri, rudisheni hadithi ya mfululizo toleo la Jumamosi, hata nusu ukurasa. Waandishi vijana wapo, wengine nimewaazimisha vitabu kwa mkono wangu. Na mchoraji asituletee yule paka mnene wa manyoya marefu. Achore wa kwetu: mwembamba, miguu mirefu, masikio wima, sikio moja limechanika kwa ugomvi wa sokoni.

Mkutubi mstaafu,
Ngamiani, Tanga