YAH: Malalamiko kuhusu taa na kioo cha swichibodi mliyotufungia Tanga

Mapokezi,
Chumbageni,
Tanga.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni opereta wa simu katika hospitali ya binafsi ambayo mafundi wenu waliibadilishia swichibodi (mtambo wa kupokea na kuunganisha simu) wiki sita zilizopita. Kazi hii naifanya mwaka wa 19 sasa. Naandika kwa ruhusa ya mkuu wangu wa kazi, baada ya kuwapigia mara nne na kila mara kuambiwa kwamba mashine ni mpya, nitaizoea. Nimeshaizoea. Ninacholalamikia ni kwamba inanificha mambo ambayo nisipoyajua siwezi kuhudumia watu.

Opereta hamwoni anayempigia, kwa hiyo anategemea taa. Kwenye mashine ya zamani simu ikiingia taa iliwaka na kuzima polepole. Nikiipokea, ilitulia ikawaka moja kwa moja. Nikiisubirisha, ilipepesa haraka haraka. Hata nikiwa namwelekeza mgonjwa dirisha la malipo, jicho lilinitosha kujua nani bado ananingoja. Mengine niliyasoma kwenye kioo: namba ya mpigaji (ikianza na 027 najua ni ya mezani ya huku kwetu kaskazini, 022 ni Dar), laini aliyoingilia, na pembeni idadi ya simu zilizo kwenye foleni.

Linaloniumiza zaidi ni simu zinazorudi. Nikimuunganisha mtu na wodi, wasipopokea ndani ya sekunde 30, mtambo unamrudisha kwangu. Ndivyo inavyotakiwa, ili asiachwe hewani. Zamani kioo kilinieleza kwamba hii imerudi, na imerudi kutoka simu ya ndani namba fulani, nami nikaanza kwa kuomba radhi na kumtafutia mtu mwingine. Sasa simu iliyorudi inapepesa sawasawa na simu mpya, na kioo kinaonyesha namba ya mpigaji peke yake.

Alhamisi iliyopita jioni alipiga mzee mmoja kutoka Pangani. Binti yake alikuwa ameletwa kujifungua tangu alfajiri. Nikamwamkia, nikamuunganisha na wodi ya wazazi. Wakati huo taa nne zilikuwa zinapepesa, zote kwa mwendo mmoja. Nikabonyeza iliyofuata: "Karibu, nikusaidie nini?" Mtu akaanza kunieleza habari za binti yake, nikajua ni yule yule. Nikamrudisha wodini, hawakupokea. Mara ya tatu nilipomkaribisha upya alikaa kimya kidogo, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, mbona nimeshakueleza?" Simu ikakatika. Salio lilimwishia au alikata tamaa, sijui. Niliipiga namba yake mwenyewe, nikapanda wodini kwa miguu kumtafutia jibu. Binti yake alikuwa amejifungua salama. Lakini baba yule alihangaishwa mara tatu kwa sababu ya mpangilio ambao fundi wenu angeweza kuuweka sawa siku ile ile ya kufunga.

Lipo na la pili. Kwenye kona ya juu kulia kuna taa nyekundu ya tahadhari, ambayo huwaka mtambo ukiwa na hitilafu. Iliwaka tangu siku ya kwanza. Nilipomuuliza fundi, alikata kipande cha tepu nyeusi ya umeme akakibandika juu yake, akaniambia isinisumbue. Wiki ya pili umeme ulikatika, na betri za mtambo hazikufika hata dakika tano. Simu zote za ndani zikafa, pamoja na ya chumba cha upasuaji. Fundi wa umeme wa hapa kwetu alipofungua kabati alikuta waya mmoja wa betri haujakazwa. Taa ilikuwa inatuambia hivyo siku zote, chini ya tepu.

Naomba mtume fundi anayeujua mtambo huu. Kioo kirudi kuonyesha simu iliyorudi imetoka wapi, na mwendo wa taa utofautishwe kati ya simu mpya, iliyosubirishwa na iliyorudi. Betri zikaguliwe mbele yangu. Na kabla hajaondoka, akae nami mezani kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, wakati simu zinapomiminika, aone kwa macho yake. Mwenzangu wa zamu ya usiku hakupewa hata dakika kumi za maelekezo, naye naomba afundishwe.

Waya tumeukaza na tepu nimeibandua. Hivi ninavyoandika, taa nyekundu bado inawaka.

Natanguliza shukrani.

Wenu katika kazi,
Opereta wa swichibodi, zamu ya mchana

Nakala: Katibu wa Hospitali